Mbiyu Koinange: mzito aliyeachia familia kila kitu isipokuwa wosia

Ukikaa Gilgil kwa muda utagundua guka huzikwa mara mbili. Mara ya kwanza kuna hema, viti vya plastiki, chai mingi na pasta asiyejua kumaliza. Mara ya pili ni wiki kadhaa baadaye, siku mtu wa kwanza anauliza hati ya shamba iko wapi. Hapo anko wa Nairobi anakumbuka ocha. Anti aliyeolewa Nyahururu anaambiwa ati alishatoka kwa boma. Mama fulani anatokea na kijana wa miaka 20 mwenye pua ya guka kabisa, na hakuna anayetaka kumwangalia usoni. Shamba lenyewe ni eka tatu pale Karunga ama Mbaruk, na faili inaanza kunona kortini Naivasha.

Sasa hiyo bifu yenu izidishe. Weka shamba la zaidi ya eka 4,000 kule Mau Narok, mali ingine Kiambu, thamani ya mabilioni ya shilingi, na majaji walioikuta kesi kortini wakaondoka wakaiacha palepale. Hiyo ndiyo stori ya Peter Mbiyu Koinange. Vijana wengi wanajua Koinange Street tu, na wanaijua kwa sababu zao za usiku. Hiyo barabara ni ya buda yake, Senior Chief Koinange wa Mbiyu. Mtoto mwenyewe alikuwa mzito kuliko barabara.

Alizaliwa 1907 huko Kiambu, kifungua mimba wa chifu. Kwa Wagikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la guka upande wa baba, ndio maana yeye ni Mbiyu. Jina la guka lilikuwa juu yake tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo familia guka hakuwa mzee wa kukaa juani akisubiri uji. Guka alikuwa ushahidi.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walituma tume ya ardhi, mwenyekiti akiwa Sir Morris Carter, ije isikilize Waafrika waliosema wamepokonywa mashamba. Koinange alikuwa anadai ardhi iliyokuwa mikononi mwa mzungu. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na ramani. Alichokuwa nacho ni kaburi. Akafanya jambo ambalo mzee wa Kigikuyu wa wakati huo angeogopa hata kuliwaza: kaburi la guka yake likafukuliwa kwenye hilo shamba, wazungu waione mifupa wenyewe. Kama huyu amelala hapa, basi hapa ni kwetu. Shamba hakurudishiwa vile alivyotaka, ila ujumbe ulifika. Weka hiyo picha akilini, kwa sababu hii ni familia iliyojua bei ya kuthibitisha nani ni wa nani hata kabla Kenya iwe nchi.

Mbiyu naye alitumwa shule. Alliance High School ilipofungua milango 1926 alikuwa kati ya vijana wa kwanza kuingia. Mwaka uliofuata, 1927, akapanda meli kwenda Marekani. Fikiria hiyo safari. Hakuna simu, barua inachukua wiki na wiki, na Mkenya mweusi Marekani wakati huo alikuwa kitu cha kushangaa. Alipitia Hampton Institute kule Virginia, akaenda Ohio Wesleyan, akamalizia Columbia jijini New York, na hutajwa kama Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamili. Akasoma pia Uingereza. Aliporudi 1938 alikuwa amekaa nje zaidi ya miaka 10, na hakukuwa na mtu wa rika lake nchini mwenye makaratasi kama hayo.

Angeweza kutafuta kazi nzuri ya serikali akae kimya. Badala yake 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri, bila kungoja wamisionari. Shule za kujitegemea za Wagikuyu zilikuwa nyingi na walimu hawakuwepo. Ganji ya kujenga ilitoka kwa wananchi wenyewe, marika yakishindana kuchanga, hawa wakitaka kuwashinda wale. Ni kama harambee ya siku hizi bila mheshimiwa wa kupiga picha na cheki kubwa. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza 1946 aliingia Githunguri na baadaye akaushika huo usukani. Pia akamwoa Grace Wanjiku, dada ya Mbiyu, mke wake wa tatu. Grace alikufa 1950 akijifungua. Kwa hivyo Mbiyu na Kenyatta hawakuwa marafiki wa siasa tu. Walikuwa mashemeji, na hiyo shemeji ilikuja kuwa na nguvu kuliko cheo chochote.

Mwaka 1951 chama cha KAU kilimtuma London pamoja na Achieng Oneko wakalilie ardhi. Oneko akarudi, akashikwa, akawa mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Mbiyu akabaki nje. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, nyumbani kwao palikuwa pameshawaka moto. Senior Chief Waruhiu alikuwa ameuawa, na mzee Koinange akashtakiwa kuhusiana na hiyo kesi. Akaachiliwa na korti, lakini serikali ikamweka kizuizini miaka hiyo yote. Chuo cha Githunguri kikafungwa. Mzee alikufa 1960, bendera ya uhuru bado haijapanda. Mbiyu aliandika kitabu, akakaa Uingereza, akaenda Ghana kwa Nkrumah, akafanya kazi ya kuunganisha Waafrika mpaka njia ya kurudi nyumbani ikafunguka.

Halafu uhuru, na hapo ndipo mtu anabadilika mbele ya macho yako. Tangu 1963 ni mbunge wa Kiambaa na waziri. Baadaye ni waziri wa nchi katika ofisi ya rais, na hiyo ofisi ndiyo mlango wa Kenyatta. Ukitaka kumwona Mzee, unampitia Mbiyu. Huyu ndiye yule kijana aliyejenga chuo kwa sarafu za wananchi. Sasa alikuwa katika ile mbogi ndogo iliyozunguka State House, na mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka yalikuwa yanatafuta wenyewe wapya.

Gilgil inaingia hapa, na si kwa njia nzuri. Machi 1975 JM Kariuki, mbunge wa Nyandarua North, aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. JM ndiye aliyekuwa akipiga kelele kwamba wachache wanaomoka huku mamilioni wanalala njaa, na yeye mwenyewe hakuwa maskini. Alikuwa na shamba Gilgil, na Gilgil ndiko alikozikwa. Bunge likaunda kamati, mwenyekiti Elijah Mwangale, na ripoti yake ikawa na majina mazito. Kabla haijawekwa mezani bungeni, majina mawili yakafutwa kwa amri ya Kenyatta. Moja lilikuwa la mlinzi wake, lingine la Mbiyu Koinange. Hakuna korti iliyowahi kumpata Mbiyu na hatia yoyote katika kifo hicho, na hilo lisemwe wazi. Ila ukitaka kujua ushemeji ulikuwa na uzito gani, ni huo: jina lako linaondoka kwenye karatasi kwa sababu mwenye nchi amesema liondoke.

Karatasi hizohizo zilikuja kumgeuka. Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi akaingia, Mbiyu akaondolewa pale mlangoni akapewa wizara ya mbali na moto. Uchaguzi wa 1979 ulipofika, Njenga Karume, mfanyabiashara ambaye hakuwa na digrii hata moja, akamnyang'anya kiti cha Kiambaa. Msomi wa Columbia akaenda nyumbani. Septemba 1981 akadedi, akiwa na miaka kama 74.

Na hakuwa ameandika wosia.

Jamaa alikuwa amesoma nchi mbili za ng'ambo, alikuwa waziri kwa zaidi ya miaka 15, na mawakili wa kila aina wangemfuata hadi ofisini wamwandikie bure. Mtu hawezi kusema hakujua. Wazee wetu wengi huona kuandika wosia ni kujiitia kifo, na pengine hata Ohio haiondoi hiyo imani. Ama labda kulikuwa na maswali ambayo hakutaka kuyajibu akiwa hai, kwa sababu kuandika wosia kunakulazimisha uandike majina. Nani ni mke. Nani ni mtoto. Mimi naamini zaidi hii ya pili, kwa sababu ukifuata kesi utaona ni maswali hayohayo majaji walikuja kuulizwa.

Angalia pia tarehe. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa 1972 lakini ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mbiyu alikufa miezi miwili baadaye. Kwa hivyo boma lake lilikuwa kati ya yale ya kwanza ya wazito kuingia kwenye hiyo mashine mpya, na mashine yenyewe ina hesabu zake. Ukifa bila wosia ukiwa na wake zaidi ya mmoja, mali haigawanywi kwa wake, na haigawanywi kwa watoto wa kiume peke yao kama wazee wa ocha wanavyotaka uamini. Inagawanywa kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, wa kike na wa kiume, na mjane anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Nyumba ya kwanza ikiwa na watoto watano na mama yao, hizo ni fungu sita. Ya pili ikiwa na watoto wawili na mama, fungu tatu. Mali inakatwa mara tisa.

Ukishaelewa hiyo hesabu, umeelewa kwa nini familia haziishii kupigania shamba lenyewe. Zinapigania orodha. Kila nyumba mpya ikiingia, fungu la kila mtu linapungua. Mtoto mmoja akitolewa, wengine wanapanda. Kwa boma la eka tatu pale Mbaruk tofauti ni ya mistari kadhaa ya viazi. Kwa boma la Mbiyu ilikuwa tofauti ya mamilioni, pengine mamia ya mamilioni. Na sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho wanaume wengi hawakijui: hata kama ulifunga ndoa ya kanisani ya mke mmoja, mwanamke uliyemwoa kimila anaweza kuhesabiwa mke linapokuja suala la urithi. Mchungaji alisema mmoja, korti inaweza kusema watatu.

Kesi ilifunguliwa mwaka uleule wa 1981. Wake wawili wa kwanza hawakuwa na shida ya kutambuliwa. Wanawake wengine wawili wakasema nao ni wajane, na hapo vita vikashika. Kuthibitisha ndoa ya kimila si kutoa cheti kwa mkoba. Unaulizwa mbuzi walipelekwa lini, nani alikuwepo, ngurario ilifanyika ama haikufanyika, mzee alikuwa analala kwako ama alikuwa anapita tu. Mashahidi ni wazee, na wazee wanakufa. Ushahidi wa mapenzi ya mtu mmoja unaanikwa mbele ya watu wasiomjua, mwenyewe akiwa kaburini hawezi kusema ndiyo wala hapana. Majina hapa siyaweki, maana hao ni watu waliotaka tu kujua wanasimama wapi.

Swali la wake likapelekwa likarudi. Wasimamizi wa mali wakawa na kesi zao. Kila upande ukalaumu mwingine kwa mali inayoyeyuka kabla ya kugawanywa, maana mali isiyo na mwenyewe ni kama nyama pale Kikopey ukienda kunawa mikono: ukirudi utakuta mifupa. Sheria inakataza mtu kugusa mali ya marehemu kabla hajapewa kibali na korti, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 ama kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Hiyo faini kwa 1981 ilikuwa kitu. Leo kuna mtu anaweza kuuza ploti ya marehemu asubuhi, akalipa faini saa sita na kubaki na ganji ya kununua gari.

Rais alikuwa Moi kesi ilipoanza. Akaondoka. Kibaki akaja, akamaliza. Uhuru akaja, ambaye buda yake ni yule shemeji. Katiba ikabadilishwa 2010. Ilikuwa Novemba 2020 Jaji Aggrey Muchelule wa Mahakama Kuu alipotoa uamuzi wa jinsi mali igawanywe, miaka 39 baada ya kifo. Baadhi ya waliokuwa kwenye orodha ya warithi walikuwa wameshakufa wakingoja. Na uamuzi wenyewe haukufunga mlango, kwa sababu kuna ngazi ya rufaa juu yake na kuna walioipanda.

Tukirudi upande wetu, sehemu kubwa ya mali hiyo iko hapahapa kaunti ya Nakuru. Ukitoka Gilgil unapanda mat hadi Nakuru, unaunga ya Njoro, halafu unapanda mlima mpaka hewa inakuwa baridi na ngano inaanza. Hiyo ndiyo Mau Narok, na huko ndiko kuna Muthera, shamba la zaidi ya eka 4,000 lililokuwa la walowezi kabla ya kufika kwa Mbiyu. Wakati wajane na watoto wanavutana kortini Nairobi kuhusu nani mrithi, juu ya mlima kulikuwa na swali kubwa kuliko lao. Wamaasai wanasema Mau Narok ni ya wazee wao, ilichukuliwa na Waingereza wakati walipohamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, na kwamba haikurudishwa uhuru ulipofika. Ukumbuke mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai mabondeni huku kwetu pia, Naivasha mpaka Nakuru. Serikali ilipotaka kununua ardhi ya Mau Narok kuwapa makao wakimbizi wa ndani wa vurugu za 2007 na 2008, moto ukawaka upya. Desemba 2010 mwanaharakati Moses ole Mpoe, aliyekuwa sauti ya hayo madai, alipigwa risasi Nakuru akafa.

Hapo ndipo hii stori inanishika koo. Buda ya Mbiyu alisimama mbele ya tume ya wazungu na mifupa ya guka yake kudai kilichochukuliwa. Mtoto akafa akiwa na shamba la mlowezi ambalo watu wengine nao wanasema guka zao wamelala humo. Na familia yake haikuwa hata na nafasi ya kusikiliza hilo dai vizuri, kwa sababu bado ilikuwa inajaribu kukubaliana nani aitwe familia.

Kuna msee atasema dawa ni wosia tu, andika karatasi, weka mashahidi wawili, lala salama. Inasaidia, usiniskize vibaya. Sheria inakubali hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, mradi mtu afe ndani ya miezi mitatu baada ya kuusema. Lakini angalia Njenga Karume, yule aliyemwangusha Mbiyu 1979. Yeye alijipanga. Aliandika wosia, akaweka mali yake chini ya amana yenye wasimamizi, kila kitu kwa mpangilio wa mfanyabiashara. Alipofariki Februari 2012, watoto wakaishia kortini pia, safari hii wakivutana na wasimamizi wa amana wenyewe. Tofauti ni kwamba huko hawakuulizana sana nani ni wa boma. Waliulizana nani ameshika funguo.

Kwa boma la Mbiyu funguo zilikuwa tatizo la baadaye kabisa. Sheria inasema mtoto wa marehemu akifa kabla ya kupata fungu lake, watoto wake wanashika nafasi yake. Ndivyo miaka inavyosogea kwenye kesi kama hizi: anayeketi kwenye benchi la korti leo si mjane tena, wala si mtoto. Ni mjukuu mwenye watoto wake wanaosoma hai skuli, ameshika faili ya guka aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, anasubiri namba ya kesi iitwe.